Graniti, Basalti na Karani wa Kimbulu

Hivi wewe ungeuza kilima cha mama mkwe wako kwa kipande cha karatasi ngumu chenye picha yako na muhuri?

Usijibu upesi. Gérard Lukali naye, kabla hajaulizwa, alikuwa na jibu safi kama shati lake la Jumapili. Sote tuna majibu safi wakati hatujaulizwa. Utawala wa Wabelgiji haukumtaka mtu awe mwovu. Ulimtaka awe mtiifu tu, na uovu ukafuata wenyewe, kama mbuzi afuatavyo kamba.

Alizaliwa upande wa Kabambare, mtoto wa mkulima aliyelazimishwa kulima pamba asiyoivaa. Mapadri walimchukua akiwa bado mdogo wakampeleka shule ya bweni Kasongo. Huko alilala kitanda cha chuma, akala chakula kilichopikwa na mpishi aliyelipwa, akaimba Kilatini asichokielewa, na akajifunza kuona haya kila jamaa zake walipokuja kumtazama na kuku chini ya kwapa. Alipomaliza alikuwa na mwandiko mzuri ajabu. Wakoloni waliupenda sana mwandiko mzuri wa Mwafrika, kuliko walivyoyapenda mawazo yake, kwa kuwa mwandiko hauulizi kitu.

Kwa ajili ya mwandiko huo kampuni moja ya madini ilimpa kazi katika kambi yake, kwenye barabara iendayo Salamabila. Akawa karani wa mawe. Wengine walichimba, wengine walibeba, wengine walikufa kwa kifua. Yeye aliosha mawe yaliyoletwa kutoka milimani, akayavunja, akayatazama ndani, akaandika jina la kila moja kwenye kibandiko na kulilaza katika sanduku lake. Sanduku la graniti lilikaa kulia, la basalti kushoto. Alizunguka humo kwa shati jeupe na viatu vyeupe, na ole wake mchimbaji aliyeingia na matope.

Bwana wake alikuwa mjiolojia ambaye watu walimwita Bwana Nyundo, kwa sababu nyundo yake ndogo ilining'inia kiunoni hata kanisani. Huyu alimfundisha Gérard habari za mawe mawili, akamfundisha vizuri, maana alihitaji mtu wa kufanya kazi yake huku yeye akinywa bia. Kisha akagundua kwamba somo hilo lilikuwa pia mchezo wa kuwafurahisha wageni. Walipokuja wazungu kula, Gérard aliitwa barazani asimame karibu na meza.

"Gérard, waambie. Graniti ni nini?"

"Graniti ni jiwe lililozaliwa na moto, Bwana, chini sana ya ardhi. Uji wa mawe yaliyoyeyuka ulinaswa huko chini ukapoa polepole, maelfu na maelfu ya miaka. Kwa kuwa ulipoa polepole, chembe zake zilipata nafasi ya kukua. Ndiyo maana tunaziona kwa macho matupu, nyeupe na za rangi ya waridi, na vimeremeta vyeusi kati yake."

"Na basalti?"

"Basalti ilizaliwa na moto vilevile, Bwana, lakini moto wake ulipanda ukamwagika juu ya ardhi. Ulipoa upesi. Chembe hazikupata nafasi ya kukua, zikabaki ndogo mno hata huwezi kuziona bila kioo cha kukuzia. Jiwe likawa jeusi na zito."

Wageni walipiga makofi. Mama mmoja wa kizungu alimpa biskuti. Naye Gérard, mtu mzima mwenye mke na mtoto, aliipokea kwa mikono miwili.

Baada ya makofi Bwana Nyundo alipenda kuongeza falsafa yake. Graniti, alisema, ni jiwe la kiungwana, maana limesubiri. Basalti ni kundi la watu wa ovyo, limeharakisha. "Ni kama mataifa ya watu," alisema, akimtazama mpishi. Meza nzima ikacheka.

Niseme wazi, maana upuuzi huu umedumu kuliko wote waliousema: hakuna elimu yoyote ya mawe inayosema hivyo. Elimu inatuambia kwamba yote mawili ni watoto wa moto. Moja lilipoa chini, jingine juu. Moja lina kwa wingi ile mali ya mchanga itengenezayo kioo, na kwa hiyo ni jeupe. Jingine lina hiyo kidogo na chuma zaidi, kwa hiyo ni jeusi. Basi. Hakuna jiwe lililopewa cheo na moto. Cheo kililetwa na mtu mwenye nyundo, naye alikileta kutoka kwao, ndani ya sanduku moja na chupa zake.

Gérard aliyaamini yote, elimu na upuuzi kwa pamoja, kama mtu anayemeza samaki na miiba yake. Kwa hesabu yake yeye alikuwa graniti. Alikuwa amepoa polepole, Kasongo, chini ya mapadri. Wengine wa kambini walikuwa basalti.

Mtu pekee aliyemchokoza waziwazi alikuwa Kapita Atumani, msimamizi wa vibarua, wa ukoo mmoja wa Kiislamu wa Kasongo, mjini.

"Karani!" aliita kila asubuhi akipita mlangoni. "Leo umepeleka mawe ngapi peponi, na ngapi motoni?"

"Hauwezi kusikia mambo haya, Kapita. Hii ni elimu."

"Elimu? Miye minaona mutu anaosha mawe kuliko anavyoosha mutoto wake. Siku jiwe itakuita baba, uniite nije kupiga ngoma."

Vibarua walicheka, na Gérard alizidi kunyoosha kola. Aliwasamehe, kwa sababu alikuwa na tumaini lake. Siku zile serikali ilitoa kadi kwa wenyeji waliohesabiwa kuwa wameendelea. Ili uipate, tume ya wazungu ilikuja nyumbani kwako kutazama kama una mke mmoja, kama choo chako kina mlango, kama dirisha lina pazia na kama mnakula kwa uma. Kwa maneno mengine, watu walioichukua nchi yetu kwa bunduki walikuja kuchungulia chooni kwetu ili waamue kama sisi ni watu. Na vijana wenye akili walisugua choo.

Odile, mke wake, aliwekwa mezani kila jioni kufanya mazoezi.

"Baba Julienne, hii kitu inanichoma ulimi," alisema akiutazama uma.

"Usiuingize wote kinywani."

"Sasa ugali itashuka namna gani? Itasubiri karte, ile kadi yako?"

"Cheka tu. Siku moja tutaingia dukani kwa mlango wa mbele, kama wazungu."

"Miye mulango ya nyuma inanitosha. Chumvi iko moja."

Odile alikuwa mtoto wa Kimbulu, kijiji kilichokaa ubavuni mwa kilima, si mbali na kambi. Mama yake, Mama Faida, mjane, alilima karanga na tumbaku kwenye mteremko wake. Na hapo ndipo kilima hicho kilipoingia katika maisha ya karani wa mawe.

Kampuni ilikuwa inatafuta kasiterite, jiwe zito jeusi litoalo bati. Kanuni ya kulitafuta ilikuwa nyepesi, hata vibarua waliijua: bati huifuata graniti. Graniti inapopoa, mabaki ya uji wake hupenya kwenye nyufa na kuganda kuwa mishipa myeupe, na ndani ya mishipa hiyo ndimo bati linamolala. Basalti haina hilo. Basi kama Kimbulu ni graniti, mashine ya kuchimba itapanda na kijiji kitashuka. Watu watahamishiwa bondeni penye maji yaliyotuama, ambapo hata mbuzi hukohoa. Kama ni basalti, wataachwa. Hili halikuwa siri. Wazee wa Kimbulu waliambiwa hivyo mbele ya Bulamatari, yaani serikali, wakaambiwa pia washangilie.

"Panda Kimbulu," Bwana Nyundo alimwambia Gérard. "Niletee mawe ya chini, ya katikati na ya kileleni. Ukifanya vizuri, nitawaambia tume maneno mazuri juu yako."

Gérard alipanda na viatu vyake vyeupe. Alifika kijijini. Juu ya kijiji njia iliingia katika majani makali yaliyompita kimo, na siafu walikuwa wanavuka. Akavitazama viatu. Kijiji kilikuwa kimya, watu wako mashambani. Akaingia kivulini, katika jiko la Mama Faida.

Kwao mkwe mwanaume haingii katika jiko la mama mkwe wake, hata mvua ya mawe inyeshe. Gérard alikuwa amekwisha kujiambia kwamba mambo hayo ni ya washenzi. Aliketi kwenye kigoda cha mama mkwe, akatazama mafiga yake matatu, mawe makubwa yaliyokuwa yakishika chungu. Mtu wa Kimbulu, alifikiri, angetoa wapi mawe ya jikoni kama si hapa hapa Kimbulu? Akaondoa chungu. Akageuza figa la kwanza, akaligonga ubavuni. Kipande kilichotoka kilikuwa cheusi hadi ndani, laini, bila chembe hata moja ya kuonekana. Akagonga la pili, akagonga la tatu. Yaleyale.

"Basalti!" alisema peke yake, akafurahi kwelikweli. Kijiji cha mkewe kimepona, na viatu vyake pia. Aliandika kwenye vibandiko vitatu: chini, katikati, kileleni. Akarudi kambini akipiga mluzi.

Bwana Nyundo aliyatazama mawe yale kwa muda wa kumaliza sigara nusu. "Basalti," alisema. "Kimbulu ni bure." Gari lake lingeweza kumfikisha chini ya kilima kile kabla sigara haijazimika. Hakwenda. Mtaalamu aliyesomea Ulaya aliamini mafiga ya mjane kwa sababu jua lilikuwa kali. Mashine, iliyokuwa imekwisha kuletwa hadi barabarani, ikabaki hapo ikingoja kupelekwa upande wa Lusangi.

Kimbulu walipika pombe. Paja la mbuzi lilishushwa hadi nyumbani kwa Gérard, na yeye alilipokea kama haki yake. Kwa siku kadhaa alikuwa mkwe bora kuliko wakwe wote wa Kabambare.

Ijumaa jioni Odile alirudi kutoka kwa mama yake akiwa na swali.

"Baba Julienne, ni weye uligonga mafiga ya mama? Chungu inalala upande kama mulevi. Mboga yote ilimwangika."

"Ilikuwa kazi. Nilihitaji mawe ya Kimbulu."

Odile alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mawe ya Kimbulu! Mafiga ya mama? Baba Julienne, yale mawe ilitoka Lwiko, kule mutoni! Bibi yangu aliyabeba kichwani siku Bulamatari alitutoa Lwiko, akasema kila mutu akae karibu na barabara. Kwetu mutu akihama anaacha nyumba, anaacha migomba, lakini mafiga anabeba. Moto haihami peke yake. Kimbulu muzima inapikia mawe ya Lwiko! Ni weye tu hauku..."

Hapo aliuona uso wa mumewe, na kicheko kikamkatika.

"Basi, kule kambini unyamaze," Odile alisema taratibu.

"Nimdanganye Bwana?"

"Umekwisha kumudanganya. Sasa ni kunyamaza tu. Hiyo haiko kazi nguvu."

"Mama Julienne, ukweli ni ukweli."

Ukweli! Ule alioupuuza kwa ajili ya siafu, sasa ulimwandama, juma lilelile ambalo tume ilikuwa inatazamiwa. Aliogopa kwamba siku moja mtafiti mwingine angepanda Kimbulu na kumfedhehesha. Lakini zaidi ya woga kulikuwa na ndoto: mtu aliyevumbua bati la Kimbulu angenyimwa kadi na nani?

Jumamosi asubuhi alivaa viatu vya zamani akapanda kwa njia ya nyuma, asionwe na kijiji. Safari hii alifika kileleni. Na lazima nimtendee haki hata yeye: pale juu, kwa saa moja ya maisha yake, Gérard Lukali alikuwa mtu wa elimu. Alivunja jiwe, na ndani yake chembe zilikuwa kubwa, nyeupe na za waridi, kila moja imeshikana na mwenzake kama vidole. Mchanga mweupe ulitiririka miguuni mwake, jiwe lile lile lililochoka kwa mvua nyingi. Kwenye ufa mmoja ulipita mshipa mweupe, na ndani ya mshipa mlikuwa na punje nyeusi, nzito kuliko ukubwa wake. Mambo yote aliyokuwa akiyakariri kwa biskuti yalikuwa pale, kimya, bila mtu wa kupiga makofi. Alikaa akayatazama. Chini yake moshi wa Kimbulu ulipanda, watoto walikuwa wanafukuza ndege kwenye mashamba. Angeweza kulitupa lile jiwe majanini na kushuka nalo kichwani tu, kama jambo alilolijua. Watu wengi wakubwa wameishi na elimu ya namna hiyo wakafa wakiheshimiwa.

Akalitia mfukoni.

Alasiri alisimama barazani kwa Bwana Nyundo akaliweka jiwe mezani. Bwana Nyundo aliligeuza, akatoa kioo chake, na macho yakamwaka.

"Wapi?"

"Kimbulu, Bwana. Kileleni. Ni graniti, Bwana, na mishipa ipo."

"Na yale ya kwanza uliyatoa wapi?"

Gérard alieleza. Alieleza yote, siafu na jiko na Lwiko, kwa Kifaransa kizuri chenye nyakati zote za vitenzi mahali pake. Alikuwa amefundishwa kwamba anayeungama husamehewa. Bwana Nyundo alicheka hadi machozi, akamwita mkewe aje asikie tena tangu mwanzo. Kisha akaacha kucheka.

"Mawe ya jikoni," alisema. "Mwafrika atakupa daima jiwe lililo karibu na mkono wake."

"Ndiyo, Bwana. Lakini nimelirekebisha, Bwana. Na ile kadi..."

"Kadi?" Bwana Nyundo alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta kofia. "Tume inataka watu wa kuaminika, Gérard. Ngoja miaka michache. Wewe bado." Akashuka ngazi, akageuka. "Lakini asante kwa mlima."

Kwa wakubwa wake aliandika kwamba yeye mwenyewe, baada ya shaka nyingi za kitaalamu, aliuchunguza upya mlima wa Kimbulu. Gérard ndiye aliyenakili barua hiyo, kwa mwandiko wake mzuri ajabu.

Mashine ilikuwa tayari barabarani, kwa hiyo hawakupoteza muda. Kabla jua halijazama Kapita Atumani alipandishwa Kimbulu na vibarua wake kupigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, kuonyesha mashine itapita wapi. Alipita mbele ya mlango wa karani.

"Kapita," Gérard aliita mwenyewe, kwa sauti ndogo, "leo haunichokozi?"

"Leo hapana," alisema Atumani, akaendelea na njia.

Nyumbani Odile alikuwa amekwisha kusikia. Aliuweka uma mezani mbele ya mumewe, akamfunga Julienne mgongoni, akachukua jembe lake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Iko watu wanahamishwa. Nitahama nao."

"Wewe ni mke wangu. Wewe huhamishwi."

"Aa, Baba Julienne," alisema Odile. "Weye kweli unajua mawe tu."

Kesho yake, Jumapili, kengele ya kanisa la kambi ililia na Gérard hakwenda. Alipanda Kimbulu kwa njia ya kawaida, akiwa na shati lake jeupe. Alikuwa amejitengenezea hotuba juu ya maendeleo na fidia, hotuba nzuri kabisa. Alipofika kwenye kona ya mwisho alisimama.

Vigingi vilikata shamba la karanga, vikapita kati ya tumbaku, kimoja kikasimama mbele ya mlango wa Mama Faida, hatua moja tu kutoka kizingiti. Mama Faida alitoka ndani. Alikaza kitenge kiunoni, akainama, akakishika kigingi kwa mikono miwili. Hakukivuta kwa pupa. Alikitikisa huku na huku, kama mtu anayeng'oa muhogo na hataki ukatikie ardhini. Kikatoka, na mchanga mweupe ukadondoka kwenye ncha yake. Akakitupa korongoni.

Kisha milango mingine ikafunguka. Wanawake walitoka mmoja mmoja, hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga kigelegele. Waliingia shambani na kila mmoja akachagua mstari wake, kama siku ya mavuno. Odile alikuwa kati yao, Julienne mgongoni, anatikisa kigingi kilichopigiliwa kwa nguvu kuliko vingine. Polisi aliyewekwa kulinda alipuliza filimbi, akapuliza tena, akatafuta uso wa mtu wa kumsaidia. Kapita Atumani alikuwa ameketi juu ya gogo, nyundo ya vigingi kati ya miguu yake, anatazama upande wa Lualaba kana kwamba mto ule mkubwa unaonekana kutoka hapo. Vibarua wake walikuwa wameketi nyuma yake.

"Karani!" polisi alipiga kelele, alipomwona. "Weye unajua kuandika! Njoo uandike majina yao!"

Wanawake waligeuka wakamtazama Gérard, wote, pamoja na mkewe. Hawakumtukana. Walimtazama kwa muda ule ambao mtu humtazama mpita njia kuona kama ni wa kumjua, kisha wakarudia kazi. Kutoka chini, barabarani, sauti ya gari la Bwana Nyundo ilisikika likibadilisha gia na kuanza kupanda mlima. Mama Faida naye alilisikia. Akapangusa viganja vyake kwenye kitenge, akaenda kwenye kigingi kilichofuata.